Tofali za Kilima cha Wageni

Mimi ni mfyatua tofali. Jina langu Melkizedeki, watu wamelifupisha kuwa Melki, na ukishuka Misigiri ukauliza kwa Melki wa tofali hukosi wa kukuonyesha njia. Sisemi haya kwa kujigamba. Zamani nilijigamba, tena sana, na wanaonijua wanajua nilivyokuwa nikiongea. Siku hizi nikipita karibu na shule nainamisha kichwa, kwa sababu vyoo vyake vimejengwa kwa tofali zangu na najua kilichomo ndani ya tofali hizo. Mke wangu Felista alijua nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwangu, na kwa miezi miwili nilikula chakula chake huku nimeikalia, sijui nimwambie au nife nayo.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Kazi hii niliikimbilia baada ya kushindwa na dhahabu. Ujana wangu niliumaliza Sekenke kwenye mashimo, asubuhi nashuka na kamba, jioni natoka na vumbi kichwani. Mwaka wa mvua za El Nino ndiyo kwanza nilikuwa nimeoa. Nikamwacha Felista kwa mama yangu na mimba ya miezi saba, nikaenda zangu kutafuta utajiri. Niliporudi, mimba haikuwepo na mtoto hakuwepo. Mama akaniambia palepale mlangoni, kabla sijatua mzigo, kwamba alikuja mgeni, hakukaa. Nikasema pole. Nikaingia ndani nikamkuta Felista amelala ameelekea ukutani, nikampa na yeye pole, halafu nikaenda kuoga.

Huku kwetu mtoto anayezaliwa amekufa ni jambo la wanawake toka mwanzo mpaka mwisho. Mwanaume haulizi alikuwa wa kike au wa kiume, haulizi amewekwa wapi. Na mimi kwa kutokuuliza nilikuwa hodari. Baada ya miaka miwili akazaliwa Pendo, ambaye sasa ni mtu mzima yuko Singida mjini na watoto wake, na tangu hapo sisi tukawa Baba Pendo na Mama Pendo. Yule wa kwanza hakutupa jina, na nilidhani yameisha.

Sasa kuhusu tofali. Tofali nzuri inataka udongo wa kichuguu. Mchwa wameshausaga, unashikana, na ukiingia kwenye tanuru haupasuki ovyo. Lakini kazi yenyewe ni kukanyaga. Unachimba, unajaza udongo kwenye shimo, unatia maji, unauacha ulale. Kesho yake unavua viatu unaingia na miguu, unakanyaga mpaka tope lianze kulia chini ya nyayo. Wako wanaochanganya kwa jembe, na mimi huwa nawaambia wazi kuwa hiyo ni tofali ya mvivu. Nimekanyaga vichuguu vya kijiji kizima kwa miaka ishirini, na mwaka juzi vikaisha.

Kilichobaki kilikuwa Kilima cha Wageni. Si kilima cha kukupa jasho, ni tuta kubwa la udongo mwekundu na mawe, limesimama peke yake katikati ya mashamba ya alizeti, urefu wake kama nyumba ya bati. Ubavuni mchwa walikuwa wamejenga. Juu kulikuwa na nguzo ya saruji ya wapima ardhi. Enzi za vijiji vya ujamaa walining'iniza pale rimu ya gari, ikigongwa watu wanakwenda shamba la pamoja. Miaka ya karibuni watu walikuwa wanapanda kutafuta mtandao, maana ukisimama bondeni simu haishiki. Mimi mwenyewe nimeongea na wateja wangu nikiwa nimekaa pale juu, miguu inaning'inia.

Kwa nini kinaitwa cha Wageni? Wanaume wote tulikuwa na jibu. Wajerumani walipiga hema pale wakati wanahangaika na dhahabu ya Sekenke, basi pakawa kwa wageni. Baba yangu alinisimulia hivyo, na mimi nimewasimulia wengine, nikaongezea chumvi kwamba waliacha na masanduku ya rupia. Wanawake hawakuwahi kutubishia. Walikuwa wananyamaza tu, na sisi tukadhani hawajui.

Basi kijiji kikaamua kujenga vyoo vya shule, na tofali nikapewa mimi. Nikaenda mkutanoni kuomba kibali cha kuchimba kilima. Mwenyekiti wetu, Sostenes, akauliza kama kuna mwenye neno. Akasimama Bibi Yunisi.

Huyu Bibi Yunisi ni mkunga. Kabla zahanati haijafika, nusu ya kijiji imepita mikononi mwake, na mimi mwenyewe nimo. Ni mama mfupi, mweusi, sauti ya chini, hana tabia ya kusimama mikutanoni. Akasema pale pasichimbwe. Sostenes akamuuliza sababu. Bibi akasema, "Pana wageni."

Mimi nikadakia. Ningeweza kufunga mdomo, lakini nilikuwa Melki wa tofali na watu walikuwa wananitazama. Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Wageni wenyewe walishaondoka zamani, walirudi kwao Ujerumani. Hicho ni kichuguu tu."

Wanaume walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Shikamoo ile ilikuwa ya kejeli, na kila mtu aliisikia hivyo. Bibi Yunisi akawatazama wanawake waliokuwa wamekaa upande wao kwenye nyasi. Wote wakaangalia chini. Felista naye aliangalia chini, nilimwona. Bibi akakaa, akaupanga mtandio wake vizuri, na kibali kikapita.

Jioni ile Felista ananipakulia ugali akaniuliza kama hakuna udongo mwingine. Nikamwambia ungekuwepo ningeenda kuhangaika na mawe ya kilima? Akaniwekea mlenda. Hakusema tena, na mimi sikumwuliza kwa nini ameuliza. Nimeshawaambia kwa kutokuuliza nilikuwa hodari.

Nilianza upande wa mashariki, ule wa mchwa. Siku tatu za kwanza udongo ulikuwa safi. Siku ya nne jembe likagonga kitu kikalia. Nikachakura kwa mikono nikakuta chungu kidogo, kimefunikwa mdomo kwa kigae. Nilikuwa peke yangu. Nisiwafiche, nilishikwa na tamaa, nikajua hizi ndizo rupia, hadithi ya baba imetimia. Sikuwa hata na subira ya kufungua. Nikakipiga na mpini kikapasuka.

Ndani kulikuwa na kitambaa. Kipande cha kanga, kimeoza, lakini ukingo wake ulikuwa bado unaonekana kuwa ni wa kanga. Wajerumani hawakuvaa kanga. Ndani ya kitambaa kulikuwa na vitu vyembamba, vyepesi, ambavyo mtu akiviona mara moja haulizi ni nini. Na mimi nikajua. Nasema nikajua, asije mtu akanitetea. Nilisimama pale na maneno ya mama yangu ya mlangoni yakanirudia, mgeni hakukaa, na kilima kizima kikapata jina lake. Wageni ndio hao. Wanawake walikuwa wanalitamka mbele yetu mchana kweupe miaka yote, na sisi tunawapigia hadithi za masanduku.

Mtu mwenye akili angefukia, angevaa viatu, angekwenda kwa Bibi Yunisi akapiga magoti. Mimi nilifikiria mkutano. Nilifikiria jinsi walivyocheka kwa maneno yangu, na jinsi watakavyonicheka nikirudi kusema bibi alikuwa sahihi. Nikafikiria na tanuru ambalo tayari nilikuwa nimelikatia kuni. Nikaokota vigae nikavitupa pembeni, maana kigae kikiingia kwenye tofali kinaipasua. Kile kitambaa nikakikung'uta. Udongo wake ukaangukia kwenye udongo mwingine, nikajaza shimo, nikatia maji.

Viko vingine nilivikuta. Vitano au sita, baada ya hapo niliacha kuhesabu, nikawa nachimba naangalia pembeni kama mtu anayechinja kuku wa kwanza. Tanuru la kwanza likawaka, la pili likawaka. Fundi akajenga vyoo. Mwalimu mkuu akanisifu mbele ya watoto, wakanipigia makofi.

Nilipofika chini zaidi mambo yakabadilika. Nikakuta mawe yamepangwa duara, na katikati fuvu la mtu mzima, na mafupa marefu, na shanga ndogo nyeupe. Hapo nikaogopa kwa sababu nyingine. Fuvu la mtu mzima linaweza kukuletea polisi. Nikakimbia kwa Sostenes kutoa taarifa, nikajifanya raia mwema. Mafupa ya watoto niliyakanyaga, fuvu la mkubwa nikalitolea taarifa.

Polisi walikuja wakaangalia, wakasema hii si kesi yao, na baada ya wiki mbili akaja mtu wa mambo ya kale. Tulitegemea mzee wa miwani. Akashuka dada wa miaka thelathini hivi, suruali na kofia ya nyasi, jina lake Witness. Akapiga kambi wiki nzima. Alikuwa anachimba na brashi na kijiko, nikamwona kama anacheza, mpaka siku moja aliponiita nikae naye ukingoni anionyeshe ukuta wa shimo langu mwenyewe.

Akaniambia wale wa chini wenye duara la mawe ni wa kale mno, kabla ya ukoo wetu wowote kufika hapa, na lugha yao hakuna anayeijua. Juu yao kuna wengine waliokuja baadaye, wakakuta tuta, wakaweka na wao watu wao palepale. Juu ya hao kuna mstari mweusi wa majivu, watu waliokuwa wanawasha moto wa kuombea mvua. Halafu bati na misumari, ndiyo Mjerumani wenu. Alisema kila waliofika waliona kwamba hapa ndipo mahali pa kumweka mtu, hata bila kuambiana. Halafu akanionyesha kigae kimoja alichokiokota kwenye rundo langu, akaniuliza kama upande wa juu nilikuta vyungu vidogo vizima.

Nikasema hapana. Nikasema labda vilivunjika na jembe bila mimi kuona. Akaandika hivyo, kwa kalamu, kwenye daftari lake. Nilimwangalia akiandika na masikio yangu yakawa ya moto.

Bibi Yunisi alimwendea Witness siku ya pili yake. Mbele ya wanaume hakuweza kusema, lakini huyu alikuwa mwanamke mwenzake, akamweleza yote. Kesho yake Sostenes akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia wanaume wakae mbali na kilima, kuna shughuli ya kina mama. Mimi nilikuwa kwenye tanuru langu, hatua mia hivi, nakandika. Hakuna aliyenikumbuka kunifukuza.

Walikuja kama wanawake thelathini. Vikongwe wanashikwa mkono, mabinti wa juzi wamo. Mmoja mmoja alikwenda na Bibi Yunisi mpaka mahali fulani, bibi akaonyesha kwa mkono, mwanamke akasimama pale kidogo, Witness akachomeka kijiti. Hata wenyewe wengi hawakuwa wanapajua, maana mzazi alikuwa haonyeshwi. Ilikuwa ni siri ya mkunga.

Ikafika zamu ya Felista. Bibi Yunisi akamshika kiwiko, wakaenda upande wa mashariki, wakafika kwenye ukingo wa shimo langu wakasimama. Bibi akanyoosha mkono mbele, hewani. Hapakuwa na udongo wa Felista kusimama juu yake. Witness alikuwa na kijiti mkononi na hakuwa na pa kukichomeka. Walikaa hivyo muda mrefu, na mimi nikajificha nyuma ya tanuru langu, mwanaume mzima wa miaka hamsini na kitu, mikono imejaa tope.

Usifikiri nyumbani aliniwashia moto. Ningeshukuru. Alipika, tukala, akasema, "Hukujua, Baba Pendo. Mwanaume atajulia wapi." Akaenda kufunga mbuzi.

Neno hilo likaenea kijijini kuliko mtandao wa kilimani. Melki hakujua. Kanisani wanawake walinisalimia kwa upole kama mfiwa. Sostenes akasema mbele ya watu kuwa lawama ni ya kijiji chote, si ya mtu mmoja, na kwamba kilichobaki cha kilima kitazungushiwa uzio. Wote walinipa pa kujificha, nami nikajificha. Vyoo havikubomolewa. Kina mama walisema wataviacha, kwa sababu hakuna anayeweza kusema tofali ipi ni ya nani.

Hayo yote ningeyameza. Nilishaanza hata kuyaamini, kwamba labda kweli sikuona vizuri, labda ilikuwa mizizi. Kilichonivunja ni Bibi Yunisi. Alikuja kwangu asubuhi moja, anatembea na fimbo, kutoka kwake mpaka tanuruni ambako hata mtu mwenye miguu mizima anapumzika njiani. Nikampa ndoo akakalia. Nikamwamkia, safari hii shikamoo ya kweli, akaitikia marahaba. Nikajua amekuja kunilaani, nikajiweka tayari.

Alikuja kuniomba radhi.

"Siku ile mkutanoni ningesema waziwazi," akasema. "Niliona aibu ya kusema mbele ya wanaume. Ningevunja mwiko, wewe usingechimba. Umemchimba mwanao kwa ajili ya aibu yangu. Nisamehe, mwanangu."

Mikono yake ilikuwa imeshika fimbo. Hiyo ndiyo mikono iliyonipokea mimi, ikampokea na yule mtoto wetu wa kwanza. Na mimi, kichwa changu kimeinama kama mtu mwenye uchungu, nikamjibu yameisha bibi, usijali. Nikamsamehe! Nilimsamehe kwa kosa langu, akashukuru, akanyanyuka, nikamsindikiza mpaka njia kubwa kama mtu mwenye adabu. Niliporudi nikakaa kwenye ile ndoo na nikaona kwamba mtu kama mimi akifa leo, watamsema vizuri, na itakuwa uongo mtupu.

Nikamfuata Felista mchana huohuo. Alikuwa uani anapepeta alizeti. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake, akashangaa, maana saa hizo huwa sipo nyumbani. Nikamwambia nilijua. Nikamweleza chungu, kigae, mpini wa jembe, rupia nilizokuwa nazitafuta. Nikamwambia niliona kitambaa na niliona kilichokuwa ndani, na kwamba nilichimba siku ishirini zaidi nikijua. Nikamwambia na la Bibi Yunisi, kwamba nimepokea radhi yake leo asubuhi.

Ungo ulisimama mikononi mwake. Hakulia, hakunitukana.

Halafu akauliza, "Kanga ilikuwa ya rangi gani?"

Nikaelewa. Bibi Yunisi alichukua kanga moja kati ya zile Felista alizokuja nazo wakati wa kuolewa, naye hakuwahi kuonyeshwa ni ipi, alijua tu kwamba siku ile moja ilipungua. Alikuwa anauliza kama wa kwenye chungu kile ni mtoto wetu. Nilitamani kumtajia rangi, rangi yoyote, nyekundu, njano, nimpe kitu. Nikamwambia haikuwa na rangi tena, udongo ulishaila. Nikamwambia na ukweli wote, kwamba hata kama ingekuwa nayo, nisingeona, kwa sababu niliikung'uta haraka huku nimegeuza uso.

"Hukumwangalia."

Nikasema sikuangalia.

Akauliza ikawaje baada ya kukung'uta. Nikashindwa kuelewa anataka nini, au nilielewa nikajifanya sielewi, nikamjibu kwa maneno ya kazi yangu kama ninavyowajibu wateja. Nikasema udongo uliingia shimoni pamoja na mwingine, nikautia maji, ukalala, kesho yake nikaukanyaga.

Felista akaweka ungo chini. Akanitazama miguuni, si usoni, akatazama miguu yangu hii mipana iliyopasuka visigino, ambayo ameiona kila siku kwa miaka karibu thelathini.

"Ulimkanyaga," akasema.

Nilifungua mdomo kusema kwamba ulikuwa udongo. Nikaufunga. Akasubiri, na nilijua hataondoka pale mpaka nimelisema mimi mwenyewe, kwa sauti, kama linavyosemwa.

Nikasema ndiyo, Mama Pendo. Nilimkanyaga.